Saiwa: Mbuga ndogo ya kinamasi inayotembelewa kwa miguu

WAKENYA wengi wanapotajiwa mbuga ya wanyama hufikiria gari lililofunguliwa paa, vumbi la barabarani na simba aliyejilaza kivulini. Hata hivyo, katika Kaunti ya Trans Nzoia ipo mbuga ya kitaifa ambako gari huachwa langoni, na mgeni akaendelea na ziara yake kwa miguu.

Mbuga hiyo ni Saiwa Swamp, ambayo ndiyo ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa nchini. Ukubwa wake ni kilomita 2.9 mraba hivi, yaani ekari 700 na ushei. Mbuga ya Nairobi, ambayo wengi huiona kuwa ndogo, ina kilomita 117 mraba. Saiwa ingetoshea ndani yake karibu mara 40.

Udogo huo ndio unaoifanya mbuga hii kuwa ya kipekee, na ndio pia unaoiweka hatarini. Kinamasi hiki kimezungukwa na mashamba kila upande, na maji yanayokipa uhai hupitia kwanza katika ardhi ya watu wengine.

Mnyama aliyezaa mbuga

Saiwa ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1974, hasa kwa ajili ya mnyama mmoja: nzohe. Huyu ni swala anayeishi majini. Kwato zake ni ndefu na hutanuka anapokanyaga, hivyo kwamba anaweza kutembea juu ya matope na matete yaliyolala bila kuzama. Manyoya yake yana mafuta yanayozuia maji kupenya hadi kwenye ngozi.

Anapohisi hatari, nzohe hakimbilii nchi kavu kama swala wengine. Hujitosa majini na wakati mwingine huzama mwili mzima, akabakisha pua tu ili apate kupumua. Dume ana pembe zilizosokoteka, ilhali jike hana pembe na rangi yake huelekea wekundu.

Kwa hapa Kenya, nzohe ni nadra. Mbali na Saiwa, hupatikana katika vinamasi vichache vya magharibi mwa nchi, kikiwemo Kingwal katika Kaunti ya Nandi. Mnyama aliyeumbwa kuishi matopeni hawezi kuhamia shamba la mahindi kinamasi chake kinapokauka.

Ndege wa kila rangi

Wapenzi wa ndege huifahamu Saiwa kwa sababu nyingine. Zaidi ya aina 300 za ndege zimewahi kuonekana katika eneo hili dogo. Sababu yake si ngumu kuelewa: ndani ya hatua chache mgeni hupita kutoka majini hadi kwenye matete, kisha nyasi, na hatimaye msitu wa miti mirefu. Kila sehemu ina ndege wake.

Kandokando ya maji kuna yangeyange na mdiria. Msituni kuna hondohondo, gogota na chozi, pamoja na turako, ambaye mabawa yake huonyesha wekundu mkali anaporuka. Wekundu huo hutokana na rangi yenye madini ya shaba iliyo ndani ya manyoya yake.

Aliye maarufu zaidi ni korongo taji, ndege yuleyule aliye katikati ya bendera ya Uganda. Korongo hawa huishi wawili wawili kwa miaka mingi na hujenga kiota chao katikati ya kinamasi, ambako maji huwakinga dhidi ya maadui. Tangu mwaka wa 2012 wameorodheshwa kimataifa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kuangamia. Wenyeji wa Kipsaina, karibu na mbuga hii, wana kundi lao ambalo limejulikana kwa miaka mingi kwa kazi ya kuwahifadhi.

Kati ya mwezi wa Oktoba na Machi, ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia hujiunga na hawa wa kwetu wakikimbia baridi ya huko. Miezi ya Desemba hadi Februari huwa na mvua kidogo katika eneo hili, hivyo njia hupitika kwa urahisi zaidi.

Jinsi ya kufika na kujiandaa

Mbuga iko umbali wa kilomita 20 na ushei kutoka mjini Kitale. Msafiri hufuata barabara ya kuelekea Kapenguria, kisha hukata kulia na kuingia barabara ya mchanga. Asiye na gari anaweza kupanda matatu mjini Kitale na kumalizia safari kwa bodaboda.

Kiingilio hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kwa njia ya kielektroniki wala si kwa pesa taslimu. Ni vyema kuulizia ada mapema kwa vile hubadilishwa mara kwa mara.

Saa nzuri za kutembea ni alfajiri na jioni, kwani ndipo nzohe hutoka matetini kula. Anayefika saa sita za mchana huenda asione hata mmoja. Eneo hili lina mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo asubuhi huwa na baridi. Mgeni abebe sweta, koti la mvua, maji ya kunywa, darubini na viatu visivyoteleza. Msimu wa mvua, gambuti zitamfaa zaidi. Nguo za rangi zisizong'aa, kama vile kijani au hudhurungi, ni bora kuliko nyeupe na nyekundu.

Ndani ya mbuga kuna vijia vya miguu na madaraja ya mbao yanayovuka sehemu za matope. Yapo pia majukwaa yaliyoinuliwa mithili ya madungu ya kuamia ndege shambani. Tofauti ni kwamba mkulima hupanda dungu ili awafukuze ndege, ilhali huku mgeni hupanda na kunyamaza ili wasiondoke.

Kunyamaza ndiyo adabu ya kwanza ya matembezi haya. Mgeni asipige kelele, asiondoke kwenye njia, asiwape tumbili chakula, wala asikaribie kiota ili apige picha. Akikaa tuli kwa nusu saa juu ya jukwaa moja ataona mengi kuliko akizunguka mbuga nzima kwa haraka. Pengine atabahatika kumwona kima mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya machungwa, ambaye baadhi ya watu humwita karasinga. Kima huyu ni mwenye haya, na hupatikana katika misitu michache tu nchini.

Kinamasi si ardhi ya bure

Wapo wanaodhani kwamba kinamasi ni ardhi iliyoharibika inayongoja kukaushwa. Ukweli ni kinyume. Matete hupunguza kasi ya maji ya mvua, huzuia udongo, kisha huyaachilia maji hayo pole pole wakati wa kiangazi. Mto Saiwa huingia katika Mto Nzoia, ambao nao humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Anayeharibu kinamasi juu humdhuru jirani aliye chini.

Mashamba yanapolimwa hadi ukingoni mwa mto, mvua husomba udongo pamoja na mbolea na dawa za kuulia wadudu, na vyote huishia kinamasini. Udongo ukijaa, maji hupungua na vichaka huchukua nafasi ya matete. Mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi huongeza tatizo kwa kunywa maji mengi.

Sheria ipo. Kanuni za mwaka wa 2009 kuhusu vinamasi na kingo za mito zinataka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kando ya mto uachwe bila kulimwa. Hata hivyo, mwenye ekari moja na watoto wa kulisha huona mita hizo kuwa magunia ya mahindi yaliyopotea. Ndiyo maana uhifadhi wa Saiwa hauwezi kuachiwa askari wa mbuga pekee. Mkulima naye anastahili kuona faida: mgeni anayelala kwa wenyeji, anayekula chakula chao na kumlipa kijana wa kijijini amwongoze kuwatambua ndege, humpa jirani wa mbuga sababu ya kuyaacha matete yasimame.

Kwa hivyo anayezuru Saiwa asitazame ndani ya mbuga tu. Anapotoka langoni, ayatazame pia mashamba ya pande zote, kwani huko ndiko maji ya nzohe na korongo yanakotoka.