ficha na ondoa (katika fomu za tovuti)

ficha kt: weka kitu mahali pasipoonekana.
ondoa kt: toa kitu mahali kilipokuwa.

Katika lugha ya kompyuta, vitenzi hivi havibadilishani nafasi.

Mfano: mkulima wa Miteja, wilayani Kilwa, anajaza fomu yenye swali, "Una shamba la korosho?" Akijibu "Ndiyo", JavaScript huonyesha sehemu ya "Idadi ya ekari", ambayo mwanzoni imefichwa, akijibu "Hapana", huificha tena. Msimbo huo hauna budi kutekelezwa pia ukurasa unapopakiwa. Fomu iliyohifadhiwa ikifunguliwa upya, "Ndiyo" huwa imekwisha kuchaguliwa; bila ukaguzi huo wa mwanzo, sehemu ya ekari ingebaki imefichwa.

Sehemu iliyofichwa ingalimo ukurasani: ekari zilizoandikwa kabla ya jibu kubadilishwa hutumwa pamoja na fomu. Iliyoondolewa haitumwi, vivyo hivyo iliyozimwa, hata ikiwa inaonekana. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "ondoa" mahali pa "ficha" humwaminisha msomaji kuwa taarifa zake hazimo, ilhali zimetumwa.

Tazama pia: onyesha, zima.