Kimya cha Mhubiri: Willie Nelson na Albamu ya 1975

Mwezi wa Januari 1975, Willie Nelson aliingia katika studio ya Autumn Sound, mjini Garland, jimbo la Texas, akiwa na bendi yake na kisa kimoja cha kusimulia. Siku chache baadaye kazi ilikuwa imekwisha. Baadhi ya wakuu wa kampuni ya Columbia walipoisikiliza walidhani wameletewa rekodi ya majaribio. Gitaa la nyuzi za nailoni, piano ya dada yake Bobbie, hamonika ya Mickey Raphael, ngoma za taratibu. Na baina ya hivyo vyote, kimya. Hiyo ndiyo *Red Headed Stranger*.

Nimeichagua albamu hii kwa kuwa sisi tunaopenda utenzi tuna la kujifunza kwayo, na tuna la kuihoji.

Katika miaka ya 1960, nyimbo nyingi za kantri zilizorekodiwa Nashville zilipambwa kwa fidla nyingi na kwaya. Nelson alijulikana huko zaidi kwa utunzi: "Crazy", ulioimbwa na Patsy Cline mwaka 1961, ni wake. Uimbaji wake, unaotangulia mapigo ama kuchelewa nyuma yake, haukukubalika kirahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alirejea Texas, na mkataba wake na Columbia ukampa uamuzi wa mwisho juu ya kazi yake. Uamuzi huo ndio uliokinusuru kimya chake.

Kisa chenyewe ni cha mhubiri aliyekimbiwa na mkewe, aliyerudi kwa mpenzi wa zamani. Mhubiri anawafuata na kuwaua wote wawili. Kisha anazurura juu ya farasi mweusi, akimwongoza farasi wa marehemu mkewe. Mwanamke mwingine anamgusa farasi huyo, naye anauawa. Mwishowe mhubiri anapata penzi jipya na utulivu.

Nyingi ya nyimbo hizo Nelson hakuzitunga. Ule uliobeba jina la albamu ni wa Edith Lindeman na Carl Stutz, naye alizoea kuwaimbia wanawe wakati wa kulala. Alichofanya ni kuzishona nyimbo za wengine kwa vipande alivyotunga mwenyewe, hasa "Time of the Preacher", unaorudi tena na tena. Mtunzi wa utenzi ataitambua mbinu hii: kina cha mwisho cha kila ubeti hakibadiliki tangu mwanzo hadi tamati, na msomaji akipotea katika matukio, kina hicho humrudisha.

Mfano ulio bora ni "Blue Eyes Crying in the Rain", wimbo wa Fred Rose uliorekodiwa na Roy Acuff katika miaka ya 1940. Ukisimama peke yake, ni majonzi ya mtu anayekumbuka kuagana na mpenziwe. Katika albamu hii unafuata mara tu baada ya mauaji: anayelia ndiye aliyeua. Hakuna anayetuambia hivyo. Mpangilio pekee ndio uliosema.

Oktoba 1975 wimbo huo ulifika nambari 1 katika chati ya kantri ya Billboard, mara ya kwanza kwa Nelson kufika hapo kama mwimbaji, akiwa na umri wa miaka 42. Ulimpatia pia tuzo ya Grammy. Albamu nayo ilishika kilele cha chati ya albamu za kantri, na baadaye ikatunukiwa platinamu mara mbili.

Hata hivyo, kila niisikilizapo, najiuliza kimya hiki ni cha nani. Mhubiri anaomboleza, anapoteza njia, anasamehewa. Wanawake wawili waliouawa hawana jina wala neno moja, na yule wa pili anahesabiwa mwizi wa farasi, basi. Sauti ya upole na gitaa laini hutubembeleza tupite juu ya makaburi yao bila kusimama.

Siiweki kando albamu hii kwa sababu hiyo. Imenifunza kwamba utungo hauhitaji kusheheni ili ukamilike. Lakini imenifunza pia kuusoma utenzi mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya anayesimuliwa, mara ya pili kwa ajili ya aliyenyamazishwa.