Bastola Kiunoni mwa Mpita Njia: Silaha ya Wazi Marekani na Mzigo wa Kuisoma

Siku moja ya Juni 2010, katika jiji la Toledo, jimbo la Ohio, mwanamume mmoja alitoka kwenda kutembeza mbwa wake. Alikuwa na mkewe, binti yake na mjukuu wake. Kiunoni alikuwa na bastola ndani ya mkoba wake, nje ya nguo, kila mtu akiiona. Mwenye pikipiki aliyekuwa akipita alisimama na kumfokea kwamba hana ruhusa ya kutembea na kitu kile hadharani. Wakajibizana, kisha mwenye pikipiki akapiga simu ya dharura, 911. Askari alifika, akaichukua bastola, akamtia pingu yule babu na kumweka ndani ya gari la polisi kwa takriban nusu saa. Shida ni kwamba babu hakuwa ametenda kosa lolote, kwani sheria ya Ohio inaruhusu kubeba bastola waziwazi. Alishtaki, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita iliamua kwamba kuiona tu bastola iliyobebwa kihalali hakumpi askari sababu ya kumzuia mtu, na kwamba kesi yake dhidi ya askari yule iendelee.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu hakina damu. Mjadala kuhusu silaha Marekani huanzia kwenye maiti, na maiti hazimwachii mtu nafasi ya kufikiri. Hapa kuna watu watatu tu, wala hakuna mwovu miongoni mwao: mmoja anatumia haki yake, mwingine anaogopa, wa tatu ametumwa na simu ya yule aliyeogopa. Wote watatu wanakitazama kitu kimoja na kukisoma tofauti. Dai la makala haya ni kwamba suala la kubeba bastola waziwazi ni suala la usomaji kabla ya kuwa suala la usalama. Anayeitundika bastola kiunoni anatoa tamko, na kazi ya kulifasiri anawaachia watu ambao hawakuomba kazi hiyo.

Kisheria, mlango umefunguka hatua kwa hatua. Marekebisho ya Pili ya Katiba yaliidhinishwa mwaka 1791, lakini ni mwaka 2008, katika kesi ya Heller, ndipo Mahakama ya Juu ilipotamka kwamba yanalinda haki ya mtu binafsi kuwa na bastola nyumbani. Mwaka 2010 haki hiyo ililazimishwa kwa majimbo yote. Juni 2022, katika kesi ya Bruen, Jaji Clarence Thomas, akiwaandikia majaji sita dhidi ya watatu, aliivusha haki hiyo kizingiti cha nyumba na kuitoa barabarani. Hata hivyo hukumu hiyo haikusema bastola ibebwe vipi. Thomas alikubali kwamba katika karne ya 19 majimbo yaliweza kupiga marufuku namna moja ya kubeba, mradi yaliiacha namna nyingine. Basi hata baada ya Bruen, kuchagua kati ya bastola iliyofichwa na bastola ya wazi kumebaki uamuzi wa kisera, na uamuzi wa kisera unahitaji hoja.

Hoja kongwe kuliko zote ni ya heshima. Kentucky na Louisiana zilipiga marufuku silaha zilizofichwa mwaka 1813. Mwaka 1846, katika kesi ya Nunn, Mahakama ya Juu ya Georgia iliafiki marufuku ya kuficha lakini ikabatilisha marufuku ya kubeba wazi, na miaka minne baadaye mahakama ya Louisiana ikafuata mkondo huohuo. Fikra ya majaji wale ilikuwa rahisi: anayeficha ni mviziaji, na mwenye nia safi hana haja ya kuficha. Msomaji wa pwani ya Waswahili haoni ugeni wowote hapo. Bwana harusi wa Unguja au wa Maskati huvaa jambia tumboni juu ya kanzu, na hakuna anayekimbilia polisi. Jambia limo hata kwenye bendera ya Oman. Mlinzi wa Kimasai wa Dar es Salaam hukaa getini na sime na rungu, na wapangaji humsalimia wakipita. Silaha zile ziko wazi, tena uwazi ndio adabu yake.

Lakini silaha hizo zinasomeka kwa sababu jamii nzima ina kamusi moja. Jambia lina mahali pake, vazi lake na siku yake. Likichomolewa alani maana yake hubadilika papo hapo, na kila mtu anajua. Tena halifiki mbali kuliko mkono wa mwenye nalo. Bastola mtaani Toledo haina kamusi ya pamoja. Na hata ile kamusi ya Kusini ya karne ya 19 haikuwa ya wote, kwani heshima iliyosifiwa na majaji ilikuwa ya wanaume weupe katika nchi ya utumwa, ambako Mweusi, awe mtumwa au huru, alizuiwa na sheria za majimbo mengi ya Kusini kushika silaha, iwe wazi au kwa siri. Anayeinukuu leo kesi ya Nunn kama ushahidi wa uadilifu wa kale anapaswa kuinukuu pamoja na watu ambao hawakuhesabiwa.

Hata Magharibi ya sinema haiungi mkono picha tunayouziwa. Tombstone, Arizona, ilipitisha Aprili 1881 amri ya mji iliyowataka wageni wakabidhi silaha zao wanapoingia mjini. Mapigano ya O.K. Corral ya tarehe 26 Oktoba mwaka huo yalizuka, kwa sehemu kubwa, kwa sababu polisi wa mji walikwenda kuwanyang'anya silaha watu waliokaidi amri hiyo. Nayo Texas, ambayo wengi hudhani imezaliwa na bastola kiunoni, iliwazuia raia kubeba bastola tangu 1871. Leseni ya kubeba kwa kuficha ilikuja kwa sheria ya 1995, na kubeba wazi kwa leseni kukaanza tarehe 1 Januari 2016. Septemba 2021 leseni yenyewe ikaacha kuwa lazima, na kufikia 2024 majimbo 29 yalikuwa hayadai leseni ya kubeba. Kinachoitwa mila hapa ni kipya kuliko simu ya mkononi yenyewe.

Hoja ya pili ni ya kuzuia uhalifu, nayo haipaswi kudharauliwa. Wanasosholojia James Wright na Peter Rossi waliwahoji wafungwa wa makosa makubwa na kuchapisha matokeo mwaka 1986. Takriban asilimia 40 walisema waliwahi kuacha kutenda uhalifu kwa kujua au kudhani kwamba waliyemlenga ana silaha. Watetezi wa bastola ya wazi huishia hapo. Lakini tazama neno kudhani. Kilichowazuia wengi wa wafungwa wale huenda kilikuwa mashaka, na mashaka huletwa na silaha isiyoonekana. Pale ambapo mtu yeyote huenda ana bastola, mnyang'anyi analazimika kumwogopa kila mtu. Pale ambapo bastola inaning'inia wazi, mnyang'anyi ameambiwa nani wa kumkwepa, na kwa hiyo ameambiwa pia nani wa kumwendea. Ulinzi anaoupata mwenye bastola ya wazi, kama anaupata, unaweza kuwa uhalifu uliosogezwa kwa jirani yake.

Isitoshe, si wahalifu wote watakaomkwepa. Kwa mwizi anayetafuta bastola, mtu aliyeitundika kiunoni ni duka lililo wazi. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na bastola akilini, lakini msemo unatosha. Ndiyo maana askari wa Marekani, ambaye kazi yake inamlazimu kubeba wazi, hupewa mkoba wenye vizuizi ambavyo lazima vifunguliwe kwa mpangilio kabla silaha haijatoka, na hufunzwa jinsi ya kupigania bastola yake mwenyewe. Sheria nyingi zinazomruhusu raia kubeba wazi hazimdai mafunzo hayo.

Kuhusu takwimu za jumla, vita ni vya muda mrefu. Mwanauchumi John Lott alidai mwaka 1998 kwamba sheria za kurahisisha leseni za kubeba zinapunguza uhalifu. Mwaka 2004 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti halikuona ushahidi wa kuridhisha wa upande wowote, na mwaka 2019 mtafiti John Donohue na wenzake wakakadiria kwamba miaka kumi baada ya jimbo kupitisha sheria kama hiyo, uhalifu wa kutumia nguvu huwa juu kwa asilimia 13 hadi 15 kuliko ambavyo ungekuwa. Mimi naegemea upande wa Donohue. Lakini takwimu zote hizi zinapima haki ya kubeba kwa ujumla, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa hasa ya kuficha. Anayezitumia kumshambulia au kumtetea mwenye bastola ya wazi peke yake ameazima nguo isiyomtosha.

Zipo faida nyingine ndogo ambazo ni za kweli. Katika misitu ya Alaska, mvuvi wa samoni anayeweza kukutana na dubu ana kila sababu ya kuweka bastola mahali mkono unapofika upesi, na dubu hahitaji kamusi. Kuna pia mwenye leseni ya kuficha ambaye upepo umelipeperusha koti lake dukani: katika jimbo linalokataza silaha ya wazi, upepo unaweza kumfanya mshukiwa. Hoja hiyo ina haki ndani yake, ila dawa yake ni kifungu kimoja cha sheria kinachosamehe kuonekana kwa bahati mbaya. Haihitaji kuufungulia mji mzima.

Mzigo mzito zaidi unawaangukia polisi na wale wanaowaita. Kiswahili kinatofautisha kubeba, kushika na kuelekeza; kisheria pia hizo ni hatua tatu, ya kwanza haki na ya tatu kosa kubwa. Katika mwili wa binadamu zinatenganishwa na nusu sekunde. Askari anayefika baada ya simu ya 911 lazima aamue ni hatua ipi anayoitazama. Dallas ilionyesha hali hiyo kwa ukatili tarehe 7 Julai 2016, mtu mmoja alipowaua askari watano wakati wa maandamano. Miongoni mwa waandamanaji walikuwamo watu waliokuja na bunduki mabegani, kama sheria ya Texas ilivyowaruhusu. Zilikuwa bunduki ndefu, si bastola, lakini fumbo ni lilelile. Risasi zilipolia wakaanza kukimbia, na polisi wakasambaza picha ya mmoja wao kama mshukiwa. Hakuwa yeye. Raia wema wenye silaha, waliotarajiwa katika nadharia kumzuia muuaji, walikuwa kelele zilizomficha.

Anapojitetea kwa uaminifu zaidi, mbebaji wa wazi husema kwamba analenga kusema jambo kuliko kujilinda: haki isiyotumika husahaulika. Nakubali kwamba hilo ni tamko la kisiasa. Lakini Marekani yenyewe imewahi kulisikia tamko hilo na kuamua kwamba lina sauti kubwa mno. Tarehe 2 Mei 1967 takriban wanachama 30 wa chama cha Weusi cha Black Panther waliingia na bunduki katika jengo la bunge la California huko Sacramento, kupinga muswada wa Don Mulford uliolenga doria zao za kuwafuatilia polisi mjini Oakland. Muswada ulipita, na Gavana Ronald Reagan akatia saini marufuku ya kubeba hadharani silaha zenye risasi. Tarehe 30 Aprili 2020 waandamanaji wenye bunduki, wengi wao weupe, waliingia katika jengo la bunge la Michigan huko Lansing. Ilipita zaidi ya miezi minane kabla ya kubeba silaha wazi ndani ya jengo hilo kukatazwa. Kwa upande mwingine, Richmond, Virginia, Januari mwaka huohuo, watu wapatao 22,000 walikusanyika, maelfu wakiwa na silaha, na wakatawanyika kwa amani. Kwa hiyo silaha ya wazi haileti vurugu kila mara. Kinachobadilika kila mara ni hali ya asiye nayo: anayesimama mbele ya mtu mwenye bunduki ili kumpinga kwa maneno ameshapunguza maneno yake.

Texas imejaribu kuwaachia wenye milango jukumu hili. Mwenye duka asiyetaka bastola za wazi anaweza kubandika tangazo kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue inchi moja kwa kimo. Baada ya mauaji ya Agosti 2019 katika duka lake mjini El Paso, kampuni ya Walmart iliwaomba wateja wa nchi nzima wasibebe silaha wazi madukani mwake. Hivyo jambo ambalo bunge la jimbo lilikwepa kuliamua sasa linaamuliwa na msimamizi wa zamu, akimsogelea mteja mwenye bastola kumwomba airudishe garini.

Kama jimbo limelazimika kuruhusu namna moja, ningechagua mijini bastola iliyofichwa, kwa leseni na mafunzo, na kuiacha ya wazi mashambani na porini. Najua kuficha kunawanyima watu habari. Lakini ile habari ya wazi haisomeki, na inaposomwa vibaya, gharama hailipwi na aliyeitoa peke yake.

Babu wa Toledo alirudi nyumbani na kushinda katika mahakama ya rufaa. Jimbo ni lilelile la Ohio ambako, Novemba 2014, huko Cleveland, mtoto Mweusi wa miaka 12 alikuwa katika bustani ya umma na bastola ya kuchezea, na askari akampiga risasi kabla ya sekunde mbili kupita tangu gari la polisi liwasili. Aliyepiga simu alikuwa amesema kwamba pengine bastola ni bandia na mwenye nayo pengine ni mtoto. Maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa.