Ngiri zinazojificha: namna ya kuzitambua

Tukisikia neno ngiri (henia), wengi wetu hapa Bukavu tunafikiria uvimbe wa kinenani au wa kitovuni. Hizo ndizo za kawaida. Lakini ziko chache zinazojificha, na mgonjwa anaweza kutibiwa minyoo miezi mingi huku hatari ikibaki palepale.

Ngiri hutokea pale utumbo au mafuta ya ndani yanapopenya mahali dhaifu pa ukuta wa tumbo. Tujue aina tatu.

Ngiri ya Spigel. Inaitwa kwa jina la Adriaan van den Spiegel, mwalimu wa elimu ya mwili aliyefariki mwaka 1625. Hutoka ubavuni mwa tumbo, mara nyingi chini kidogo ya kitovu. Ni 1 au 2 tu kati ya ngiri 100 za ukuta wa tumbo. Msuli wa juu huifunika, kwa hiyo uvimbe unaweza usionekane kabisa.

Ngiri ya kiunoni. Hutokea nyuma, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Hudhaniwa kuwa uvimbe wa mafuta tu.

Ngiri ya tundu la nyonga. Huwapata hasa mama wazee waliokonda. Maumivu hushuka upande wa ndani wa paja hadi gotini, na watu husema ni baridi yabisi.

Uchunguzi

Swali la kwanza: maumivu yanazidi lini? Mama anayepanda milima yetu na mzigo mgongoni akisema yanazidi anapobeba au kukohoa, na yanapungua akilala, tufikirie ngiri. Aonyeshe mahali penyewe kwa kidole kimoja. Apimwe akiwa amesimama na kukohoa, kisha akiwa amelala. Ekografia nayo ifanywe akikohoa au kujikaza, maana akitulia ngiri inaweza kurudi ndani. Shaka ikibaki, skana husaidia, hasa kwa ngiri ya tundu la nyonga.

Dalili za hatari

Uvimbe mgumu usiorudi ndani, maumivu makali, kutapika, kukosa choo na hewa: hapo huenda utumbo umebanwa na damu haifiki. Mgonjwa asikandwe tumbo, asipewe dawa ya kuharisha, asile wala kunywa. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ngiri ya Spigel na ya tundu la nyonga hubana kwa urahisi, kwa hiyo zikigunduliwa, mganga mpasuaji aulizwe mapema.

Kanisa halikutenganisha maombi na matibabu: hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ni ya jumuiya ya CEPAC. Basi tunapomtembelea mgonjwa wa tumbo, tumwombee, tena tumuulize: je, umepimwa ukiwa umesimama?