Kumkabidhi Mtoto Asubuhi: Tunduma, Buganda na Berlin

Saa mbili asubuhi ya Tunduma ni saa moja ya Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka wa Tanzania na Zambia. Mama anayefanya biashara pande zote mbili hufika kwenye kituo cha kulelea watoto akili yake ikiwa imeshatangulia sokoni. Anafungua fundo la kitenge, mtoto anateremka mgongoni huku ameng'ang'ania kola ya blauzi. Hapo ndipo jirani anapomnong'oneza: mpe biskuti, ukitoka asikuone.

Ushauri huo naupinga. Kumtoroka mtoto kunampa mama dakika chache za utulivu, kisha mtoto anaanza kumganda hata nyumbani, maana hajui mama atatoweka saa ngapi.

Wala si mila yetu. Vijijini Mbozi, Momba na Ileje, mtoto hakuwa wa mgongo mmoja. Bibi alimbeba, shangazi alimbeba, na dada yake wa miaka minane naye alimbeba. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, watafiti waliokaa na Waefe miaka ya 1980 waliona mtoto mchanga akipokelewa na mikono mingi tangu siku zake za mwanzo. Ila tuangalie mpangilio wake: mtoto aliuzoea mgongo wa shangazi mama yake akiwa palepale, akitwanga au akipepeta. Hakukabidhiwa kwa mgeni. Tulipohamia mjini tulikuja na desturi ya kuwaachia wengine watoto, lakini ile ya kuwazoesha kwanza tukaiacha kijijini.

Mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwatembelea mara kwa mara akina mama 26 wa Kiganda vijijini karibu na Kampala, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu yao. Watoto wale walizungukwa na ndugu, lakini walimjua mama yao hasa. Walitambaa kumfuata, walilia akitoka, na akirudi baadhi yao walimlaki kwa kupiga makofi. Walipokuwa na uhakika kwamba yupo, ndipo walipothubutu kwenda mbali kidogo kuchezea vitu. Nadharia inayofundishwa leo vyuoni kote duniani kuhusu mtoto na mlezi wake ilipata ushahidi wake wa mwanzo hapo, kwa jirani zetu. Kwa hiyo anayesema mtoto anayelia getini amedekezwa, hajamwelewa mtoto.

Wajerumani wameyawekea mambo haya utaratibu. Katika mfumo wa Berlin, mzazi hukaa na mtoto kituoni kwa saa moja hivi, siku tatu za kwanza, bila kumwacha. Siku ya nne anaaga, anatoka kwa muda usiozidi nusu saa, kisha anarudi. Mlezi ni mmoja, yuleyule, na muda hauongezwi mpaka mtoto akubali kubembelezwa naye. Hicho ndicho alichokifanya bibi bila kukiandika.

Hata hivyo, mfumo huo hauwezi kuletwa Tunduma kama ulivyo. Mjerumani ana likizo ya malipo ya kulea, lakini mchuuzi wa mpakani asipofungua biashara siku tatu, nyumbani hakupikwi. Serikali ya Tanzania ilizindua programu ya malezi na makuzi ya mtoto, PJT-MMMAM, mwaka 2021, na jambo hili dogo la getini linastahili nafasi ndani yake.

Wenye vituo, wakaribisheni akina mama jioni, biashara zikishafungwa, wakae nusu saa na watoto wao mbele ya mlezi atakayewapokea, kabla ya asubuhi ya kwanza ya kuachana. Asubuhi, mlezi huyohuyo ndiye asimame getini. Nawe mama, muage mtoto hata kama atalia. Mwambie utakuja baada ya uji wa jioni, kwa kuwa uji anaujua na saa haijui, kisha uje kweli. Kitenge mwachie.