Mfongo wa Mwika na Gololi za Usangu

Mfongo, mfereji wa Wachagga wa kumwagilia mashamba, haukuwa kazi ya mtu mmoja. Mwika, kama kwingine Uchaggani, ukoo uliotoa maji mtoni na kuyapitisha ubavuni mwa kilima ulibaki na sauti juu ya mfereji huo, na majirani walipata haki ya kunywesha vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, kwa kushika jembe. Mfereji ulipobomoka wote waliitwa, na aliyekwepa kazi alitozwa faini. Maji yalikwenda kwa zamu. Ya usiku yalikusanywa kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo, yakafunguliwa asubuhi kwa mwenye zamu.

Mwingereza Harry Johnston, aliyefika Moshi mwaka 1884, aliisifu mifereji ya Wachagga. Hakuna aliyeufundisha ufundi huo ubaoni. Otto Raum, katika kitabu chake Chaga Childhood cha mwaka 1940, alieleza jinsi watoto wa Kichagga walivyocheza kwa kuiga kazi na maisha ya wakubwa. Mchezo ulitangulia jembe.

Miaka sitini hivi baadaye, mchezo ulirudi kwa njia nyingine, kusini mwa Tanzania. Katika bonde la Usangu, kilimo cha umwagiliaji kilikuwa kimepanuka, na tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, akabuni Mchezo wa Bonde la Mto. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro kilikuwa mshirika katika utafiti wa maji ya bonde hilo.

Vifaa ni vichache: ubao ulioinamishwa wenye mashimo, mto uliochorwa katikati, vijiti vya kuwa mabanio, na gololi za kuwa maji. Gololi zikimwagwa juu, kila mchezaji ni mkulima anayetega banio lake. Wa juu akitega kijiti kirefu, mashimo ya wa chini yanabaki matupu, wote wakitazama. Ndipo wanaanza kujadiliana.

Wakulima wa Usangu waliucheza, na wanafunzi wa vyuo vikuu pia. Mwanafunzi aliyepangiwa mkiani mwa ubao anajikuta akidai gololi zake kwa sauti. Mwika, mwenye kihamba cha chini asipoyaona maji siku ya zamu yake, huufuata mfongo kwa miguu kuelekea juu, banio hadi banio, mpaka amkute aliyeyazuia.