Maboma ya Suwarora: Tarehe ya Biharamulo na Mpaka Wake

Mgeni akifika Biharamulo, jambo la kwanza ni kupelekwa kuliona boma la Wajerumani. Na kweli linafaa kuonwa. Lilijengwa mwaka 1902: kuta nene nyeupe, lango linaloingia kwenye ua, na vyumba vilivyouzunguka ua huo. Zamani walilala humo askari wenye bunduki. Siku hizi hupokea wageni wa kawaida wanaotafuta kitanda cha usiku mmoja. Ila mgeni huyo huambiwa pia kwamba mji ulianzishwa na Wajerumani, na ni kwa ajili ya neno hilo tarehe hii inaandikwa. Boma lilijengwa juu ya ardhi ya Usui. Usui ilikuwa na mfalme wake, mpaka wake na ushuru wake miaka arobaini kabla jiwe la kwanza la Mjerumani halijawekwa.

Asili ya wafalme wa Usui ni Ruhinda. Wazee wa nchi zote za magharibi ya Ziwa Viktoria, kuanzia Nkore hadi Buzinza, wanakubaliana kwamba Ruhinda alikuwa mwana wa Wamara, mfalme wa mwisho wa Wachwezi, na mama yake alikuwa Njunaki, kijakazi wa nyumba ya kifalme. Wachwezi walipotoweka, Ruhinda alishuka kusini na ng'ombe na ngoma. Huko Karagwe alimkuta Nono wa ukoo wa Wasita, mabingwa wa chuma, akamwondoa katika utawala. Wanawe wakatawanywa, kila mmoja akapewa nchi na ngoma yake: Karagwe, Ihangiro, Kyamtwara, Buzinza. Buzinza nayo ilikuja kugawanyika, na upande wa magharibi ukawa Rusubi, nchi ambayo wasafiri wa pwani waliita Usui. Wafalme wake walikuwa Wahinda halisi, yaani wa uzao wa Ruhinda, waliitwa Mukama, na hawakuhitaji kibali cha mtu yeyote kuketi kitini.

Katika ukoo huo hakuna aliyemfikia Suwarora.

Mwaka 1861, John Hanning Speke na mwenzake James Grant walikuwa wakipanda kaskazini kutoka Kazeh, karibu na Tabora ya leo, kutafuta chanzo cha Mto Nile. Walikuwa na wapagazi, walinzi na wakalimani, akiwemo Sidi Mubarak Bombay ambaye jina lake linajulikana hadi leo. Speke ameandika mwenyewe kwamba, akiwa bado njiani huko Buzinza, zilimfikia habari za kumtia hofu: Suwarora alikuwa akijenga safu ya maboma kwenye mpaka wake, na alikuwa amekusudia kumuua kila mtu wa pwani atakayethubutu kuingia Usui. Watuta, wale Wangoni waliotoka kusini, walikuwa wakiteka ng'ombe na kuchoma vijiji katika nchi za jirani, na mfalme alishuku kwamba watu wa pwani wana mkono katika jambo hilo. Anayesema boma la kwanza Biharamulo ni la mwaka 1902 hajayahesabu maboma haya.

Speke aliingia Usui akazuiliwa kwa majuma. Maofisa wa mfalme walikuja mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na dai lake: nyaya za shaba, shanga, vitambaa. Hongo, yaani ushuru wa kupita, ya mfalme ilipolipwa, ikadaiwa ya wakubwa wa chini yake. Suwarora mwenyewe hakumwona mgeni hata mara moja, na mpaka Speke anaondoka hakupata kuijua sura ya mfalme aliyemtoza. Alipovuka kuingia Karagwe mwezi Novemba alipokelewa na ofisa wa Rumanika, mfalme wa huko, akaambiwa kwamba katika nchi hiyo mgeni hatozwi kitu, naye atapewa chakula bure.

Kutokana na hayo Speke alimsifu Rumanika na kumwita Suwarora mchoyo, na wengi waliosoma kitabu chake wamelirudia neno hilo bila kulipima. Inafaa lipimwe. Karagwe ilikuwa mbali na mashambulizi ya Watuta, na Rumanika alikuwa na sababu ya kumkaribisha mgeni mwenye bunduki: ndugu yake Rogero alikuwa ameasi, na bunduki zingemfaa. Suwarora alikaa mlangoni. Msafara wowote uliotoka Unyamwezi kwenda Karagwe na Buganda ulipita kwake, na pamoja na pembe za ndovu na nguo uliweza kuleta wapelelezi, ndui na watekaji watumwa. Mtawala wa mlangoni hutoza ushuru, huwachunguza wapitao, na hajionyeshi ovyo kwa watu asiowajua. Hayo hayo yanafanyika leo kwenye mpaka wa Rusumo kwa mihuri na kompyuta, na hakuna anayeyaita uchoyo.

Na mali ya nchi hizi haikuwa ng'ombe peke yake. Warongo wa upande wa Buzinza waliyeyusha chuma katika tanuru za udongo, na majembe yao yalisafiri hadi Usukuma na Unyamwezi, yakatumika kulimia, kulipia mahari na kununulia vitu. Rumanika alikuwa na sanamu za ng'ombe za chuma katika hazina yake ya kifalme, na Wahinda walihesabu nyundo miongoni mwa alama za enzi, ingawa babu yao aliupata utawala kwa kumwondoa bingwa wa chuma.

Baada ya Suwarora alikuja Kasusura, na zama zake ndizo zilizoleta Wajerumani. Emin Pasha aliweka kituo Bukoba mwaka 1890. Mwezi Septemba 1892 Oscar Baumann, Mwaustria, alipita upande huu akavuka Mto Ruvuvu kuingia Urundi, na watu wa huko wakampokea kwa shangwe wakidhani ni mfalme wao Mwezi aliyerudi. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo kuingia Rwanda, akaonana na Mwami, yaani mfalme, Rwabugiri. Götzen ndiye aliyekuja kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na meli inayoitwa Liemba katika Ziwa Tanganyika ilizinduliwa kwa jina lake. 

Kisha likaja boma. Kijerumani kilizungumzwa ndani ya kuta hizo na watu wachache sana. Amri ziliwafikia askari na watu wa vijijini kwa Kiswahili, kwa kuwa serikali ya Kijerumani ilifanya kazi zake za wilayani kwa lugha hiyo, na ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu wa Biharamulo, sambamba na Kisubi na Kizinza.

Enzi hiyo haikudumu miaka 15. Mwezi Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliichukua Kigali, wakashuka kupitia upande wa Rusumo, na mwezi Juni walikuwa Biharamulo. Kapteni Gudovius, aliyekuwa mkuu wa Bukoba, alikuwa akirudi nyuma kusini. Alijeruhiwa na kutekwa Kato mwanzoni mwa Julai. Tarehe 19 Septemba Tabora ikaanguka.

Hapo mpaka ukaanza kuchorwa na watu walio mbali. Mapatano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 yaliwapa Wabelgiji Ruanda na Urundi, lakini yalikata kipande cha mashariki cha Rwanda, Gisaka, kikawa cha Waingereza, waliokuwa wakiota reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Mwami Musinga wa Rwanda akalalamika, na Askofu Léon Classe wa Mapadri Weupe akamtetea, na baada ya miaka michache Gisaka ikarudishwa. Bugufi haikurudishwa. Ilikuwa sehemu ya Urundi, na Wahangaza wake wanasema lugha iliyo karibu kabisa na Kirundi. Hata hivyo ilibaki Tanganyika, na mkataba uliotiwa saini London tarehe 22 Novemba 1934 ukathibitisha mpaka. Bugufi na Bushubi ndizo zilizofanya wilaya ya Ngara.

Wamisionari wa Anglikana kutoka Australia walifungua kituo Katoke, Biharamulo, na kingine Murgwanza, Ngara, ambako leo ndipo makao ya Dayosisi ya Kagera. Wakatoliki waliweka jimbo lao Rulenge. Malale iliwatoa watu katika maeneo mengi ya Biharamulo wakakusanywa katika makazi mapya, na pori likarudi likafunika mashamba. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, na ngoma za Wahinda zikakosa kazi ya serikali.

Mwezi Aprili 1994, tarehe 28 na 29, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Maji ya Kagera yalikuwa yakibeba maiti kwenda Ziwa Viktoria. Wakazi wa Ngara waligawana na wageni maji, kuni na mashamba, na kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, ikawa katika muda mfupi miongoni mwa makazi makubwa kabisa ya watu nchini. Wengi wa Wanyarwanda walirejea kwao Desemba 1996.

Leo mgeni akitoka bomani hufuata barabara ya Lusahunga, ambako magari ya Bukoba hukutana na malori ya Rwanda. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mbele kuna milima ya Ngara yenye baridi, migomba na kahawa, na Kabanga yenye nikeli pamoja na njia ya Burundi. Rusumo kuna daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpaka, vilivyojengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kagame mwezi Aprili 2016. Chini ya daraja Kagera inaendesha mitambo ya megawati 80, zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Dereva wa lori anayesubiri hati zake zigongwe muhuri hapo amekwisha kupita katikati ya nchi ya Suwarora, na wanaowaongoza wageni bomani Biharamulo wana wajibu wa kulitaja jina hilo kabla hawajautaja mwaka 1902.